Daftari na Mpira

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu umewafaa wenye maduka, wenye majahazi na wenye mashamba kwa vizazi vingi, wala hajaonekana aliyeudharau akafanikiwa. Walakini wahenga hawakusema neno juu ya mali isiyoandikika. Furaha ya mtu ambaye timu yake imeshinda haina safu katika kitabu cha hesabu, na huzuni yake timu inaposhindwa haipimwi kwa mizani ya dukani. Kwa hiyo mkuu wa kampuni anapoiacha meza ya biashara akaenda kuongoza timu ya mpira wa miguu, huwa amevuka mpaka usiokuwa na alama. Huenda na kalamu ile ile, na akili ile ile, na desturi zile zile za kazi. Lakini nchi anayoingia ina sheria nyingine, na wenyeji wake hawafanani na watu aliozoea kuwauzia bidhaa.

Jambo hili lilijadiliwa jioni moja katika kata ya Unyambwa, mkoani Singida, baina ya mzee mmoja na mjukuu wake. Hapakuwa na mwandishi wa magazeti wala kiongozi wa klabu. Palikuwa na watu wawili waliopenda mpira, mmoja akiwa wa Simba na mwingine wa Yanga, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kusema alilolisema.

Unyambwa imo ndani ya Manispaa ya Singida, lakini mgeni afikaye huko huona shamba zaidi ya mji. Wakazi wake wengi ni Wanyaturu, watu wa mtama na uwele, wa ng'ombe na kuku, na siku hizi wa alizeti na vitunguu. Mwezi wa Novemba, mvua ikiwa bado haijashika, ardhi huwa kavu na upepo wa Singida huvuma bila kuombwa. Watu hutengeneza majembe, hutazama mawingu, na hupata nafasi ya mazungumzo. Siku ya mechi kubwa vijana hujibana katika kibanda cha kuonyeshea mpira, ambacho wenyewe hukiita kibanda umiza, kwa sababu anayeingia hutoka na maumivu ya mgongo hata kama timu yake imeshinda.

Jumapili tarehe 5 Novemba 2023 mzee huyu naye aliingia kibandani. Alipewa nafasi ya mbele kwa heshima ya mvi zake. Hadi mapumziko matokeo yalikuwa bao moja kwa moja, naye alikuwa na matumaini. Kipindi cha pili kilipokwisha, Yanga ilikuwa imeifunga Simba mabao matano kwa moja. Mzee aliinuka polepole, akavaa kofia yake, akatoka bila kusema. Mjukuu wake, kijana anayesoma uhasibu mjini, alimfuata nyuma kwa adabu ya nje na kicheko cha ndani.

"Pole, babu," alisema walipofika nyumbani. "Matano si mchezo."

"Nimeshapoa, mjukuu wangu," mzee alijibu. "Simba ilizaliwa mwaka 1936. Haitakufa kwa mabao matano."

Babu na mjukuu ni watani kwa desturi, kwa hiyo kijana hakukomea hapo. Alisema kuwa ushindi ule haukuanza uwanjani, bali ulianza ofisini. Yanga, kwa maneno yake, ilikuwa imepata kiongozi aliyetoka katika biashara, ajuaye kupanga, kununua kwa akili na kudai hesabu. Akaongeza kuwa mtu akienda dukani akauziwa bidhaa mbovu mara tano, huhamia duka jingine, wala hakuna amlaumuye. "Babu, duka lako limeharibika. Hamia kwetu."

Mzee alicheka, kisha akasema neno ambalo kijana hakulitarajia. "Duka lina mteja. Timu ina mwenyewe. Mteja huhama. Mwenyewe atahamia wapi?"

Neno hilo lilikuwa fupi, lakini lilibeba uzito wa jambo zima. Na ili lieleweke vema, yafaa kutazama jinsi watu wa biashara walivyoingia katika mpira wa Tanzania, na walichokuta humo.

Kwa miaka mingi klabu kubwa za Dar es Salaam, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoifuata mwaka mmoja baadaye, ziliongozwa na wanachama waliochaguana katika mikutano. Fedha zilipatikana kwa viingilio, kwa ada, na kwa wafadhili waliojitokeza kwa mapenzi na kuondoka kwa hasira. Kulikuwa na ari nyingi na daftari chache. Nyakati zikabadilika. Mwaka 2021 shirikisho la mpira lilitia sahihi mkataba wa miaka 10 na Azam Media wa haki za kuonyesha ligi, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha za namna hiyo haziwezi kutunzwa katika mfuko wa shati la mweka hazina. Zinataka watu waliozoea mikataba, kodi, mishahara na ukaguzi, na watu hao hupatikana katika makampuni.

Jina lililotangulia katika mabadiliko hayo ni jina linalojulikana Unyambwa kuliko mengi. Mohammed Dewji alizaliwa Singida mwaka 1975, akakuza biashara ya ukoo wake hadi kuwa miongoni mwa kubwa katika Afrika ya Mashariki, na tangu mwaka 2005 hadi 2015 alikuwa Mbunge wa Singida Mjini. Watu wa Unyambwa walikuwa miongoni mwa wapiga kura wa jimbo hilo. Mwaka 2016 alitaka kununua hisa 51 kwa mia za Simba kwa shilingi bilioni 20. Serikali ikaamuru kuwa katika klabu za wanachama, wanachama wabaki na hisa zisizopungua 51 kwa mia. Mwishoni mwa mwaka 2017 Dewji akashinda zabuni ya hisa 49 kwa fedha ile ile. Hesabu hiyo yastahili kutazamwa mara mbili. Mfanyabiashara alikubali kulipa kiasi kile kile apate kidogo zaidi, na kidogo hicho alichokosa ndicho kilichokuwa neno la mwisho. Hakuna duka ambalo lingeuzwa hivyo.

Baada ya hapo wakaja watendaji. Crescentius Magori, aliyekuwa ofisa mkuu katika Shirika la Taifa la Hifadhi ya Jamii, alikuwa mtendaji mkuu wa Simba katika kipindi cha mwanzo cha mabadiliko. Septemba 2020 kazi hiyo ikashikwa na Barbara Gonzalez, aliyesoma Marekani na Uingereza, akafanya kazi ya ushauri wa biashara, kisha akaongoza taasisi ya hisani ya Dewji. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa wadhifa huo katika Simba, na katika mchezo ambao wanaume wengi hudhani wameurithi kwa baba zao, hilo halikuwa jambo dogo. Januari 2023 akafuata Imani Kajula, mtu wa masoko aliyepata kufanya kazi benki. Upande wa pili, Injinia Hersi Said, aliyejulikana kwanza kama mkurugenzi wa uwekezaji wa kampuni ya GSM, alichaguliwa kuwa Rais wa Yanga Julai 2022.

Hakuna mtu mwenye haki awezaye kukana mema waliyoleta. Simba ilichukua ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Yanga nayo ikauchukua msimu wa 2021/22 na kuushikilia kwa miaka iliyofuata. Timu ambazo zamani zilikwenda katika mashindano ya Afrika kama wasindikizaji zikaanza kuogopwa. Wachezaji waliojua tarehe ya mshahara wao walicheza kama watu wanaojua tarehe ya mshahara wao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Na wenyeji, kwa sehemu kubwa, walipona.

Lakini wageni hao nao walikuta mambo ambayo hawakuyajua ofisini.

Jambo la kwanza ni kwamba katika mpira bidhaa haiwezi kutengenezwa kwa hakika. Mwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti akipata mbegu njema, mashine njema na watu waangalifu, atapata mafuta mema. Mwenye timu aweza kupata vyote akakosa ushindi. Mei 2021, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, Simba ilifungwa na Kaizer Chiefs mabao manne kwa bila Johannesburg. Juma moja baadaye ikashinda mabao matatu kwa bila Dar es Salaam, ikatolewa kwa tofauti ya bao moja. Mwaka uliofuata, katika Kombe la Shirikisho, ilitolewa na Orlando Pirates kwa mikwaju ya penalti. Yanga ilifika mbali zaidi. Katika fainali ya kombe hilo mwaka 2023 ilifungwa na USM Alger mabao mawili kwa moja Dar es Salaam tarehe 28 Mei, ikashinda bao moja kwa bila Algiers tarehe 3 Juni, na kombe likabaki Algeria kwa sababu ya mabao ya ugenini. Jumla ilikuwa sawa, mawili kwa mawili. Mhasibu yeyote angesema daftari limelingana. Kanuni ya mchezo ilisema vingine.

Jambo la pili ni uhusiano na mshindani. Katika biashara, duka la jirani likifungwa, wateja wake huja kwako, na hiyo ni faida. Katika mpira, Simba ikiondoka Yanga haipati faida. Hupata uwanja mtupu. Bao tano za Novemba 2023 zilikuwa tamu kwa kijana yule kwa sababu babu yake alikuwapo kuzisikia. Kama mzee angehamia Yanga kama alivyoshauriwa, ni nani angetaniwa kesho yake? Kiongozi atokaye katika biashara hulazimika kujifunza kumtaka mshindani wake awe hai, mwenye nguvu, na mwenye kushindwa kwa shida. Somo hilo halifundishwi katika vyuo vya biashara.

Jambo la tatu ndilo lile alilolisema mzee, nalo ni kubwa kuliko yote. Mteja asiyeridhika huondoka, na kuondoka kwake ndiko kunakomwadhibu mwenye duka na kumrekebisha. Mpenzi wa timu asiyeridhika haondoki. Hulalamika, hununa, huapa mbele ya watu kuwa hatatazama tena mpira, na Jumamosi ijayo huonekana kibandani. Basi kiongozi wa timu anashika watu wasio na mlango wa kutokea. Akiwa mtu mbaya, ataiona hali hiyo kuwa bahati: hawa watalipa kiingilio hata wakiuziwa upepo. Akiwa mtu mwema, ataiona kuwa deni. Mtu asiyeweza kukukimbia anakudai uaminifu mwingi zaidi kuliko yule awezaye.

Kijana alisikiliza maneno ya babu yake, lakini hakukubali upesi, maana alikuwa na akili yake. Alisema: "Babu, umesema mwenyewe hawezi kuhama. Je, timu ikihama yenyewe?"

Hapo aligusa kidonda cha Singida.

Mwaka 2017 Singida United ilirudi katika ligi kuu, na mji mzima ukashangilia. Juni 2018 ilicheza fainali ya kombe la shirikisho mjini Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao matatu kwa mawili. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Mwaka 2022 mji ukapata timu nyingine, Singida Big Stars, ambayo kabla ya hapo ilikuwa DTB, timu iliyozaliwa Dar es Salaam kwa jina la benki. Ilimaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya nne. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate, ikacheza mashindano ya Afrika, kisha ikahama, ikabaki Fountain Gate bila Singida. Wakati huo huo Ihefu, timu ya Mbarali, ambayo Novemba 2022 ilikuwa imekatisha mwendo wa Yanga wa michezo 49 ya ligi bila kushindwa, ililetwa Singida, na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Kwa hiyo mtoto wa Unyambwa aliyeanza shule ya msingi mwaka 2017 alikuwa ameshangilia majina manne kufikia mwaka 2024. Uwanja ulibaki mahali pake, ingawa nao ulibadili jina, ukaacha kuitwa Namfua ukaitwa Liti, kwa kumbukumbu ya mwanamke wa Kinyaturu ambaye simulizi husema aliwapinga Wajerumani kwa nyuki.

Mambo hayo yote yalifanyika kwa sahihi na mihuri, wala hayakuvunja sheria ya mchezo. Kampuni huuzwa, hubadili jina, huhamisha makao. Ni kawaida ya biashara. Na hatimaye mji haukukosa kitu cha kutazama: Singida Black Stars ilimaliza ligi ya msimu wa 2024/25 katika nafasi ya nne, ikafika fainali ya kombe, ikafungwa na Yanga huko Zanzibar. Lakini watu wa Mbarali nao walikuwa na watoto walioshangilia, na haikuandikwa mahali popote jinsi walivyofidiwa. Timu yaweza kupakiwa katika basi na jezi zake na mipira yake. Mapenzi hayapakiki.

Mzee alinyamaza kwa muda aliposikia hoja ya mjukuu. Kisha aliingia ndani akatoka na daftari la zamani lenye jalada gumu, lililoliwa na mchwa pembeni. Katika miaka ya 1980 alikuwa karani wa ghala la chama cha ushirika, kazi yake kupima mazao na kuandika kilo na shilingi. Jioni alikuwa katibu na mweka hazina wa timu ya vijana wa pale kijijini. Daftari hilo lilikuwa la timu. Kila ukurasa ulikuwa na majina ya kaya, na mbele ya kila jina kiasi kilichochangwa: shilingi kwa mwenye shilingi, mtama kwa asiyekuwa nayo. Kwa michango hiyo walinunua mpira, wakaushona ulipopasuka, wakalisha wageni walipokuja kucheza.

Ndipo alipokuja mwenye duka mmoja kutoka mjini. Alikuwa hodari wa biashara, na alipenda mpira kwa dhati. Alifunga duka lake siku za mechi ili aongoze timu. Alileta jezi zenye nambari mgongoni, mipira miwili mipya, na gari la kubebea wachezaji. Alipanga ratiba, akadai nidhamu, akamwacha nje mchezaji aliyelewa hata kama alikuwa mtoto wa mjumbe. Kwa miaka miwili timu ile haikufungwa kwao. Mzee alisema hayo yote bila kinyongo, na alikazia kuwa mtu yule hakuwaibia hata senti.

"Basi kosa lilikuwa nini, babu?"

Mzee alifunua kurasa za mwisho. Safu za majina zilikuwapo, lakini mbele ya majina palikuwa patupu. Kwanza kaya tano hazikuchanga, kisha kumi, kisha zote. Kwa nini mtu atoe debe la mtama hali tajiri yupo? Baadaye biashara ya mwenye duka ikapata shida, kama biashara zipatavyo, naye akarudi dukani kwake. Aliomba jezi na mipira, kwa sababu ilikuwa yake, naye akapewa. Siku ya pili vijana walikusanyika uwanjani bila mpira. Hakuna aliyekumbuka tena zamu ya kuchanga, wala aliyekuwa na haki ya kumdai mwenzake. Timu ile haikuonekana uwanjani tena.

"Hakutunyang'anya timu," mzee alisema. "Sisi tuliiacha mikononi mwake tukaenda kulala. Alipoondoka alichukua vilivyo vyake. Vyetu havikuwapo."

Katika maneno hayo kuna hukumu ya pande zote mbili, nayo yastahili kufikiriwa na kila klabu iliyofungua mlango kwa wakuu wa biashara. Nchini Ujerumani kuna kanuni, iliyowekwa mwaka 1998, kwamba wanachama wa klabu lazima wawe na zaidi ya nusu ya kura hata kama fedha zimetoka kwa wengine. Kanuni ya Tanzania ya hisa 51 ina ukoo na kanuni hiyo. Lakini kanuni ni kama ukuta wa nyumba: hulinda aliyemo ndani. Mwanachama asiyelipa ada, asiyekwenda mkutanoni, asiyeuliza hesabu wala kusoma katiba, ana hisa 51 za karatasi. Siku ya kutaka neno la mwisho atatafuta sauti yake asiione. Wala hapo hataweza kumlaumu mtendaji aliyeletwa kutoka katika kampuni, maana mtendaji alikuta kiti kitupu akakikalia ili kazi isilale.

Aidha, mkuu wa biashara mwenye busara angejua kuwa wanachama walio macho ni msaada kwake. Moïse Katumbi, mfanyabiashara wa Lubumbashi, aliishika TP Mazembe mwaka 1997, na chini yake timu ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 ilicheza fainali ya klabu bingwa ya dunia na Inter ya Milan. Mafanikio makubwa kama hayo yaliyoshikwa na mkono wa mtu mmoja huleta swali la kesho: mkono huo ukichoka, au ukivutwa na shughuli nyingine, ni nani ataubeba mzigo? Mfanyabiashara hodari huandaa mrithi wa duka lake. Katika timu, mrithi wa kweli ni wale wasioweza kuhama. Kazi yake kubwa kuliko vikombe ni kuwaacha wakiwa na daftari lao mikononi.

Habari iliyowafikia siku mbili baada ya yale mabao matano ilikuwa kwamba kocha wa Simba, Robertinho wa Brazili, ameondolewa. Kijana alisema hiyo ndiyo desturi ya kampuni: mauzo yakianguka, meneja huondoka. Mzee alisema hiyo ilikuwa desturi ya mpira kabla makampuni hayajaingia. Walikubaliana juu ya hilo moja, wakacheka.

Kisha kijana akauliza swali alilokuwa amelificha tangu Jumapili. "Babu, wewe umesema mwenyewe wa timu hahami. Je, kadi yako ya uanachama wa Simba iko wapi? Ada ulilipa lini?"

Mzee hakujibu mara moja. Alikuwa mpenzi wa Simba tangu ilipoitwa Sunderland, kabla ya mwaka 1971, alipoisikia katika redio ya jirani. Alijua majina ya walinda mlango wa miaka 50. Alikuwa amekosana na watu, na kupatana nao, kwa ajili ya Simba. Lakini kadi hakuwa nayo. Miaka yote alikuwa akisema "timu yetu" kama watu wa kijiji chake walivyosema wakati daftari lilipokuwa tupu. Aliona kuwa hadithi aliyoisimulia kwa ajili ya kumfundisha mjukuu ilikuwa imemrudia mwenyewe.

Asubuhi yake kijana alipokuwa akijiandaa kwenda chuoni, mzee alimwita. Alikuwa ameuza vitunguu juma lililopita, na fedha alikuwa amezifunga katika kitambaa. Alihesabu kiasi alichoona kinatosha, akampa, akamwambia amtafutie njia ya kuandikishwa huko mjini.

"Mimi, babu? Mtu wa Yanga nikalipe ada ya Simba? Wenzangu wakiniona nitawaambia nini?"

"Waambie umetumwa na mwenyewe," mzee alisema. "Na stakabadhi uniletee."

Kijana alikwenda, akarudi jioni na stakabadhi. Mzee aliisoma kwa makini, kama alivyosoma zamani stakabadhi za ghala, akahakiki jina lake na tarehe. Kisha alilifungua daftari lile la zamani, akatafuta ukurasa usioliwa na mchwa, akaandika jina lake, na mbele ya jina akaandika kiasi.